Parachichi au nauli?

Jumatano ile imenikaa kooni. Bosi mpya karipoti, kikao cha mkoa kimepita, mdogo wangu katolewa posa, na mimi, afisa ustawi wa jamii, niko na bibi mmoja tu kichwani, aliyemfuata mjukuu wake mahabusu ya watoto. Akaniuliza:

"Mwanangu, kwa hiyo mjukuu wangu kalala humu kwa kosa la parachichi au kwa kosa la nauli?"

Nikajibu, "Bibi, ilibidi apatikane mtu wa kumdhamini." Jibu la kiofisi kabisa.

"Mtu alikuwepo. Nauli ndiyo haikuwepo." Halafu akasema ndaga fijo. Hiyo shukrani iliniuma kuliko swali.

Maana hakukosea. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfunga jela aliye chini ya miaka 18, na kwa kosa dogo kama hili polisi wanaweza kumkabidhi kwa mlezi kwa dhamana. Lakini mlezi afike mwenyewe, aje na barua ya mtendaji wa kijiji na kitu cha kuonyesha umri. Kadi ya kliniki ililiwa na panya. Bibi yuko huko juu ya Tukuyu, mtoto kakamatiwa Uyole akiuza. Siku tisa mahabusu ya watoto, kwa parachichi zisizojaza ndoo. Na jirani bado anasema apelekwe Irambo akanyooke, kana kwamba shule ya maadilisho ni dawa ya kikohozi.

Jana nikaifungua upya ripoti ya uchunguzi wa kijamii, ile ya kumweleza hakimu maisha ya mtoto. Rasimu ilisema "anaishi katika mazingira magumu". Hakimu afanye nini na hayo? Nikafuata daftari la mahudhurio shuleni: siku alizokosa, karibu zote ni za gulio. Basi huyu si mtoro, ni mchuuzi wa bibi yake. Hilo ndilo nikaandika.

Kwenye masharti ya kuachiwa tulikuwa tumeweka aripoti ofisini kwetu, Mbeya mjini, kila Jumatatu saa tatu. Nauli tena! Akikosa mara mbili anaonekana mkaidi, anarudishwa mahakamani, na shule nayo kaikosa. Nikafuta. Sasa Jumatatu anamwona mwalimu wa malezi palepale shuleni, siku za gulio mjomba wake ndiye anapanga biashara, Ijumaa sisi tunampigia mwalimu. Masharti matatu. Yakifika manane, mtoto hayakumbuki hata majina, na mlezi anasaini tu ili aondoke.

Hakimu akasoma mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Mjomba ana simu?"

"Anayo, mheshimiwa. Na chaji anapata kwa jirani."

Akasaini. Nilitabasamu peke yangu kwenye bajaji mpaka Kabwe, dereva akaniangalia kwenye kioo.