Boksi la mama lilivyofufukia kwenye memori kadi

Mama yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Anatoka alfajiri, anarudi jua linazama ziwani, na akishaoga hutaka kitu kimoja: aketi atazame video za kwaya yake. Ziko kwenye diski ya nje, nyingine za zamani kiasi kwamba baadhi ya wanaoimba humo tumeshawazika. Kwa hiyo boksi la Android tunalolichomeka kwenye TV kuzitazamia lilipoanza kuganda, sikuweza kulichukulia poa.

Lilikuwa limeelemewa kweli. Ukiliwasha, chai inaiva menyu haijatokea. Matangazo yanajitokeza katikati ya skrini bila kuitwa, bando linakatika na hakuna aliyefungua kitu. Fundi mmoja akaniambia nilitupe, ninunue jipya. Sikukubali. Picha ilikuwa safi, sauti safi, tundu la HDMI, la waya wa kwenda kwenye TV, zima. Kilichokuwa kinaliua ni mlundikano wa programu lililokuja nazo tangu dukani.

Nikaweka programu ya kusoma vifaa vya ndani, ikaonyesha chipu ni Amlogic S905X: viini vinne vya Cortex-A53, biti 64. Hapo nikapata moyo, kwa sababu mabox mengi ya Amlogic yanaweza kuwekwa CoreELEC. Ni mfumo mdogo wa Linux uliojitenga na mwenzake LibreELEC mwaka 2018, na kazi yake ni kuendesha Kodi tu, programu ya kutazamia video na kusikilizia muziki, ile iliyoitwa XBMC hadi 2014. Hauna matangazo wala programu za pembeni. Lakini kilichonivuta zaidi ni kwamba unaweza kukaa kwenye memori kadi bila kugusa Android iliyo ndani. Ukichomoa kadi, boksi linarudi vilevile lilivyokuwa. Kwa kuwa kifaa chenyewe ni cha mama, hilo lilinitoa hofu yote.

Nilinunua kadi ya GB 16 mjini, Makoroboi, nikashusha faili la CoreELEC, nikaliandika kwenye kadi kwa Rufus, programu ya kompyuta ya kuandikia mifumo kwenye kadi. Lazima liandikwe kwa programu ya namna hiyo; ukilinakili tu kama unavyonakili wimbo, boksi halitaona kitu. Likishaandikwa, utakuta kwenye kadi sehemu yenye jina COREELEC, na ndani yake folda ya device_trees. Hapo tulia. Linux haiwezi kubahatisha boksi lako limeundwa vipi, inaambiwa na faili dogo linaloishia na .dtb. Unachagua linalofanana na boksi lako, unalileta nje ya folda, unalibadilisha jina liwe dtb.img. Chini ya boksi letu palibandikwa karatasi: RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 2. Hata Android yenyewe ilisema GB 2. Nikachukua gxl_p212_2g.dtb bila wasiwasi.

Kisha kuna kitufe cha kuliambia boksi lianzie kwenye kadi. Mengi ya mabox haya yameficha kitufe cha rizeti ndani ya tundu la AV, lile la duara la nyaya za rangi. Nilichomoa umeme, nikaingiza kijiti cha meno taratibu hadi kikagota chini. Nikasukuma kidogo tena, kikabonyea, nikasikia mlio mwembamba zaidi ya wa kalamu ya kubonyeza. Nikakishikilia hapohapo, mkono wa pili ukachomeka umeme, nikahesabu hadi kumi, nikaachia.

Nembo ya CoreELEC ikaja. Ikakaa. Robo saa nzima, nembo tu. Nikarudia mara tatu, nikaandika kadi upya, nembo tu. Mama akachungulia mlangoni, "Mwanangu, limekufa?" Nikamwambia, "Bado, mama. Nipe hadi kesho."

Usiku wa pili nikalifungua. Skrubu nne, zimefichwa chini ya vimiguu vya mpira. Nikamulika kwa tochi ya simu, nikasoma namba zilizochapwa kwenye chipu za RAM moja baada ya nyingine, nikazitafuta intaneti. Jumla yake ilikuwa GB 1. Karatasi ilidanganya, na Android ilikuwa imepangwa idanganye vilevile. Liliniudhi sana jambo hili, maana mama alilipia hizo GB 2 kwa pesa ya dagaa. Nikaweka gxl_p212_1g.dtb, nikalibadilisha jina liwe dtb.img, nikarudia kijiti. Nembo, maandishi machache, likajizima na kujiwasha lenyewe kwa kuwa linapanua nafasi kwenye kadi, halafu Kodi ikafunguka. Tangu hapo kijiti hakihitajiki tena, kadi ikiwemo linaanzia kwenye kadi.

Rimoti ya boksi haikufanya kazi. Nilitumia mausi ya USB siku hiyo, kisha nikaingia kwenye mipangilio ya TV yenyewe nikawasha HDMI-CEC, inayoruhusu rimoti ya TV iamuru boksi kupitia waya wa HDMI. Sasa rimoti ya TV inaendesha vyote viwili, na kwa mama hilo ni jema kuliko awali.

Niseme wazi pia unachopoteza. Programu za Android hazifanyi kazi humo. YouTube inapatikana kwa kiongezo, lakini kinataka funguo zako binafsi za API, yaani misimbo ya ruhusa unayoiomba kutoka Google, na huduma za filamu za kulipia ni za kubembeleza. Kama hizo ndizo unazotazama kila siku, baki na Android yako. Kwa mwenye diski iliyojaa vitu vyake, sijaona kinachofaa zaidi.

Kitu kingine nilichokipenda: mfumo wenyewe umebanwa ndani ya faili moja linaloitwa SYSTEM, ambalo husomwa tu, haliandikwi wakati linatumika. Kwetu umeme hukatika bila taarifa, nami nilikuwa na wasiwasi na hilo. Wiki iliyofuata ukakatika kwaya ikiwa katikati ya wimbo. Uliporudi nilikuwa uani, nikasikia sauti za kina mama zikianza tena ndani. Boksi lilikuwa limejiwasha, na mama alishaifikia folda ya kwaya mwenyewe kwa rimoti ya TV.