Nusu Kichwa Kariakoo

Basi la kutoka Arusha lilinishusha Mbezi usiku. Gesti elfu ishirini na tano, feni inazunguka kama inadaiwa. Asubuhi nikakimbilia Kariakoo kunyoa, maana mchana nilikuwa na kikao.

Kinyozi alipomaliza upande wa kushoto, umeme ukakatika.

"Unarudi sasa hivi, bosi."

Nikakaa saa nzima na kitambaa shingoni, jasho na vinywele vikiniwasha. Kwenye benchi alikuwepo mzee, baharia mstaafu. Nilipomwamkia alikitazama kwanza kichwa changu, ndipo akaitikia marahaba. "Ungekuwa kondoo wa New Zealand, mwanangu, huyu angeshahesabiwa pointi."

Nilidhani ananitania kwa kuwa nimetoka Longido. Kumbe kule kunyoa kondoo ni mashindano, na watu hulipa kiingilio! Kondoo anakalishwa kitako katikati ya miguu ya mnyoaji. Mkono wa kushoto unavuta ngozi, wa kulia unapitisha mashine kwa mikato mirefu. Staili hiyo waliisambaza ndugu wawili, Godfrey na Ivan Bowen. Mashindano ya Golden Shears yalipoanza mjini Masterton mwaka 1961, bingwa akawa Ivan. Kila sekunde 20 ni pointi moja, ukichana ngozi au ukirudia palepale unaongezewa, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Kombe la dunia lilianza 1977, Uingereza. Mnyoaji wa huko, David Fagan, amebeba Golden Shears mara 16, mpaka akapewa cheo cha "Sir". Kwetu angeahidiwa kiwanja, na angekuwa anakisubiri hadi leo.

"Na umeme ukikatika?" nikauliza, macho kwa kinyozi.

"Jack Howe hakuwa na umeme. Mwaka 1892, Queensland, Australia, alinyoa kondoo 321 kwa mkasi wa mkono. Kwa muda wa saa 7 na dakika 40."

Nikamkumbuka babu. Kondoo wetu wa Kimasai wana manyoya mafupi. Sijawahi kuona mtu akiwanyoa. Babu hushika mkia, anaupimapima kiganjani kama mtu anayenunua papai, na hapo bei imeshajulikana. Nikimwambia kuna mtu amepewa cheo kwa kunyoa kondoo, atauliza kama hao kondoo walikuwa na chawa.

Habari ya Howe ilimponza mtu, na mtu huyo ni mimi. Kinyozi alichomoa mkasi wa droo, ule wa kukatia vifuko vya poda, akanigeuzia kichwa kwenye mwanga wa mlango. Nilikaa kimya kama kondoo kweli. Tulikubaliana elfu tatu, akadai saba. Eti mkasi ni kazi nyingine. Nikalipa, ungegombana vipi na mtu ambaye bado ameshika mkasi?

Mzee alisogea akanikagua nyuma ya sikio. "Mikwaruzo mitatu," akamwambia kinyozi. "Na umerudia palepale."

Kofia nilinunua mtaa wa pili, elfu tano, na kikaoni sikuivua.