Saa Nne Asubuhi, Miliampea Nne

Mwaka 2012, miezi saba baada ya kuhitimu shahada ya uhandisi wa elektroniki, niliitwa kwenye usaili wa kwanza maishani mwangu, katika kiwanda kimoja cha hapa Tanga ambacho sitakitaja jina. Barua ilisema nifike saa 4:00 asubuhi. Nilitoka nyumbani Makorora saa 1:30, nikiwa na bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu halisi na nakala zilizogongwa mhuri wa mwanasheria, na katikati ya nakala hizo nilikuwa nimechomeka karatasi mbili za fotokopi zilizokuwa zimepita mikononi mwa karibu darasa letu zima. Zilikuwa na maswali kumi na mawili ambayo waajiri hupenda kuuliza, kila swali na jibu lake chini. Nani aliziandika kwanza, hakuna aliyejua. Nilikuwa nimezikariri kama nilivyokariri Juzuu Amma utotoni, kwa mdundo, bila kuvuta pumzi katikati.

Nilipita kwanza Ngamiani, Barabara ya 12, kwa mjomba wangu fundi redio, ambaye kibandani kwake ndiko nilikojifunza kushika chuma cha kulehemu kabla sijajua kwamba kazi ile ina jina la chuo kikuu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

Nilikuwa sijanywa. Alinimiminia kikombe kutoka kwenye chupa yake, akanitazama nikinywa kwa kusimama ili nisikunje sketi, kisha akanipa neno moja tu: nikiulizwa habari ya mshahara, nisiwe wa kwanza kutaja bei. Niliitikia, nikaondoka.

Tulikuwa watu sita kwenye benchi la nje, wanaume watano na mimi. Nilikuwa wa tano kuingia. Jopo lilikuwa na watu watatu: mama mmoja aliyekuwa afisa rasilimali watu, kijana aliyekuwa akiandika tu, na mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya kwenye mkono mmoja, ambaye baadaye nilikuja kujua kuwa ndiye mhandisi wa umeme na vyombo vya vipimo. Swali la kwanza lilikuwa lile lile la kwenye karatasi, nijieleze kwa ufupi, nami nililijibu vizuri kiasi. La pili, kwa nini nataka kufanya kazi kwao, nalo likapita. La tatu ndilo lililoniumbua.

"Udhaifu wako ni upi?" aliuliza yule mama.

Nikajibu kama ilivyoandikwa, kwamba udhaifu wangu ni kupenda kazi kupita kiasi hata nikasahau kupumzika. Yule kijana aliacha kuandika. Mama akafunika mdomo kwa kalamu, na mzee akacheka waziwazi, kicheko cha mtu aliyejizuia tangu asubuhi. "Binti," alisema, "wewe ni wa nne leo mwenye ugonjwa huo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba fotokopi ile haikuwa ya darasa letu peke yetu. Masikio yalinipata moto. Karatasi ilikuwa imeniishia kichwani, na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kusema, nikasema kweli.

Niliwaeleza juu ya Alhamisi moja nilipokuwa kidato cha tano, likizo, kibandani kwa mjomba. Tulikuwa na amplifaya ya msikiti iliyokuwa ikivuma, na iliyohitajika kesho yake kwa ajili ya Ijumaa. Mjomba alitoka kwenda kuswali alasiri akaniachia nibadilishe kapasita kubwa, kile kipande kinachotunza chaji ya umeme, ya kwenye usambazaji wa umeme, ya maikrofaradi 4,700. Kapasita ya aina ile ina upande wa hasi uliochorwa ukanda ubavuni, na ikiwekwa kinyume, utando mwembamba wa oksaidi unaozuia umeme ndani yake huharibika, umeme hupita mahali usipopaswa kupita, maji ya dawa yaliyomo huchemka na kutoa gesi. Nilijua hayo yote kwa maneno. Lakini nilikuwa na haraka, nikaiweka kinyume, nikawasha. Ilichukua muda wa kutosha mimi kuinama niangalie kama taa ya mbele imewaka. Kisha kikapasuka kishindo kama cha baruti, na kibanda kikajaa moshi na vipande vya karatasi laini vilivyolowa, vyenye harufu ya samaki aliyeanza kuharibika. Mjomba aliporudi hakunigombeza. Alinipa ufagio, akaenda kuazima amplifaya nyingine kwa rafiki yake, na gharama akailipa yeye.

"Basi udhaifu wangu ni haraka," nilisema. "Tangu siku ile, kabla sijawasha saketi yoyote niliyoigusa, kila kapasita naitia nukta ya rangi ya kucha upande wa hasi. Nikikosa kuona nukta, siwashi."

Mzee aliuliza rangi gani. Nikamwambia nyekundu. Akaandika, na hadi leo sijui aliandika nini.

Kuanzia hapo usaili ukawa wake. Aliniuliza kwa nini vyombo vya vipimo viwandani hutuma ishara ya mkondo mdogo wa umeme, wa miliampea 4 hadi 20, kwa nini isianze sifuri, ambayo ni rahisi zaidi kuhesabu. Hili nalo halikuwamo kwenye karatasi, ila nilikuwa nikilipenda tangu chuoni. Nilisema kwamba tangi likiwa tupu, kipimo hutuma miliampea 4, maana yake: nipo, na sina kitu. Waya ukikatika, inasomeka sifuri, maana yake hakuna anayezungumza. Kama tupu nayo ingekuwa sifuri, anayetazama kioo asingeweza kumtofautisha aliye kimya na aliyekufa. Niliongeza kwamba mkondo hufaa kuliko volti kwa sababu hauhafifiki njiani kwa urefu wa waya, na kwamba ukiupitisha kwenye rezista, kipande kinachokinza mkondo, ya omu 250 unapata volti 1 hadi 5.

"Ukikuta miliampea 12?"

"Nusu ya kipimo."

"Na 3.6?"

Niliwaza kidogo. "Sijui, mzee."

Akanieleza, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima: vipimo vingi vya kisasa hujishusha vyenyewe hadi hapo au chini yake, ama hujipandisha juu ya 20, ili vitangaze kwamba vina hitilafu ndani, ingawa waya ni mzima. Nililiandika jambo hilo nyuma ya bahasha, mbele yao.

Yule mama alirudi na swali moja ambalo aliyetunga karatasi yetu hakulifikiria, na nina hakika alikuwa mwanamume. Aliuliza, nikiolewa, zamu za usiku itakuwaje? Wale wenzangu wa kwenye benchi, niliwauliza baadaye, hakuna aliyeulizwa. Nilijibu kwa upole kwamba tangazo la kazi lilitaja zamu na mimi nililisoma kabla ya kuomba. Wakati huo sikujua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kwa hali yake ya ndoa au kwa ujauzito, na kwamba inamkinga hata anayeomba kazi. Ningejua, huenda bado ningejibu vile vile. Nilikuwa na miaka 25 na nauli ya kurudia tu.

Mshahara waliuliza mwisho. Kinywa kilikuwa kimekauka, neno la mjomba limenitoka, nikataja shilingi 450,000. Yule mama akasema "sawa" upesi sana.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu, na kiasi kilikuwa hicho hicho, bila kupungua wala kuongezeka. Nilimpelekea mjomba aisome. Aliisoma mara mbili, akaikunja. "Hongera, mwanangu," alisema, kisha akaguna. "Ila hata hawakukupatana. Nenda kawaulize wauza samaki wa Deep Sea maana yake nini."

Jumatatu ya kwanza kazini, mzee wa miwani ya waya alinikabidhi multimita, kifaa cha kupimia umeme, akaniongoza hadi kwenye sanduku la nyaya nyuma ya boila. Kipimo kimoja kilikuwa kikisoma sifuri tangu Ijumaa. Aliegemea ukuta, akafunga mikono, akangoja nifungue kifuniko.