Jinsi Nilivyoshinda Woga wa Kuwa Mponyaji Katika World of Warcraft Classic

Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa nilipoanza kucheza World of Warcraft Classic, gemu la mtandaoni la kupigana na maadui kwa makundi, ni kwamba nisiombe nafasi katika kundi lolote mpaka niwe najua kila kitu. Niliuamini, kwa sababu gemu lenyewe lilitoka mwaka 2004, na toleo la Classic, linalorudisha gemu lile la zamani, lilipofunguliwa Agosti 2019 lilijaa watu walioyajua mapango yake yote tangu zamani, ilhali mimi nilikuwa Nairobi, kwenye seva ya Ulaya, na mhusika wangu ni kuhani mpya, mwenye kuponya wenzake, asiyejulikana na yeyote. Nikawa nalipa ada ya kila mwezi, shilingi elfu moja na mia tano hivi wakati huo, na kucheza peke yangu katika gemu lililotengenezwa kwa ajili ya kuchezwa na wenzako.

Classic ya wakati ule haikukutafutia kundi. Ulipaswa kuandika mwenyewe kwenye chati kwamba wewe ni mponyaji na unatafuta watu, kisha mtembee wote hadi mlangoni mwa pango. Kwa mtu anayejitilia shaka, ujumbe huo mmoja ni mzito kweli, maana katika kundi la watu watano mponyaji ni mmoja tu, na mkifa wote, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Hatimaye nilipiga moyo konde nikauandika, na kundi lililonijibu lilikuwa linakwenda Scarlet Monastery, mojawapo ya mapango hayo. Kwa upande wangu wa Alliance, mojawapo ya pande mbili zinazopingana katika gemu, safari hiyo ni ndefu, kwa miguu kutoka Southshore kupitia ardhi ya maadui, na mazungumzo ya njiani yalinipunguzia hofu kuliko maelezo yote niliyokuwa nimeyasoma.

Humo ndani nilifuata kanuni niliyofundishwa na mchezaji mmoja mzoefu: mvike tanki, yaani mchezaji anayesimama mbele na kupokea mapigo ya maadui, dua ya ngao kila inapoisha. Kanuni hiyo ilituangamiza. Tanki wetu alikuwa askari, na askari hupata nguvu ya kupigana, yaani ghadhabu, kwa kupiga na kwa kupigwa. Pigo likimezwa lote na ngao, hapati kitu. Nilimwona amesimama mbele ya adui akiwa mzima kabisa, upau wake wa ghadhabu ukiwa mtupu, huku maadui wakimwacha na kumgeukia mchawi wetu, kisha mimi. Tulikufa sote. Nilisubiri matusi, lakini askari yule alinieleza kwa upole kwamba yeye anahitaji kuumia kidogo ili afanye kazi yake, na kwamba ngao niiweke akiba kwa yule anayekaribia kufa. Ni jambo la sentensi mbili, na nilishangaa kwamba hakuna aliyekuwa amenieleza kabla ya hapo.

Tatizo la pili lilikuwa umbali. Kutoka Nairobi hadi seva za Ulaya kila ninachobonyeza huchelewa kidogo, kwa hiyo ukingoja uhai wa mwenzako ushuke ndipo uponye, umechelewa mara mbili. Mbinu niliyoigundua, na ambayo hadi leo najivunia, ni kuanza dua ndefu kabla tanki hajaumia. Inachukua sekunde mbili na nusu au tatu kukamilika. Karibu na mwisho unamtazama: akiwa ameumia, unaiacha imshukie. Akiwa mzima, unasogea hatua moja, inakatika. Uzuri wake ni kwamba mana, yaani nguvu inayolipia dua, hukatwa pale dua inapokamilika tu, na kwa kuwa Spirit, sifa ya mhusika inayorejesha mana, huanza kukurudishia mana baada ya sekunde tano bila matumizi, kila dua unayoikata inaiacha saa hiyo iendelee kuhesabu.

Ilitufaa zaidi ndani ya kanisa la Scarlet Monastery, wanakokaa wakubwa wawili wa maadui, Mograine na Whitemane. Mograine akianguka, Whitemane hutoka. Whitemane akifikishwa nusu ya uhai wake huwalaza nyote usingizi, kisha humfufua mwenzake. Niliwaomba wapigaji, yaani wenzetu wa kushambulia, wapunguze kasi kabla ya nusu hiyo, nikamjaza tanki uhai hadi juu, tukalala, tukaamka, tukawamaliza wote wawili. Kesho yake askari yule aliniita tena kwa jina. Baadaye alinisimulia kwamba yeye pia alikuwa akikwepa kuwa tanki kwa kuogopa lawama, na tangu hapo tukawa tunaingia kila mahali pamoja.

Kwa njia hiyo nilifika kiwango cha 60 na kukaribishwa na chama chao, yaani kikundi chao cha kudumu, katika Molten Core, pango kubwa la kupigana tukiwa watu arobaini. Huko shaka hurudi kwa mlango mwingine: orodha inayoonyesha nani ameponya kiasi gani. Usijipime nayo. Jeraha moja huponywa mara moja tu. Mwenzako mwenye intaneti ya haraka akiliwahi, namba ni zake, hata kama dua yako ilikuwa tayari njiani. Mimi niliomba nipangiwe tanki mmoja wa kumlinda, na ninachokitazama baada ya kila pambano ni kama alibaki hai. Nawe ukiwa mbali na seva, waambie viongozi wako mapema kuhusu huko kuchelewa, wakupe kazi ya dua ndefu, na kazi za kuwahi waachiwe walio karibu.