Irabu tano kwenye kibodi, saba kwenye fideli

Jumamosi ya kwanza

Mradi huu wa kujitengenezea kibodi ya Kiamhari ulianzia dukani. Mama mwenye nyumba wangu hapa Gerji, Addis Ababa, ana duka dogo la mtaani, na aliniomba nimchapie tangazo la maneno mawili: ዱቤ የለም. Yaani, hakuna kukopa. Nilicheka peke yangu, maana Tanga nimekulia jirani na duka lililoandikwa "Kukopa harusi, kulipa matanga". Nikamwambia, "Emama, nipe nusu saa." Siku nzima iliisha.

Ningeweza kupakua kibodi iliyokwisha tengenezwa. Zipo, na nyingine ni nzuri sana: Gboard, kibodi ya Google, ina Kiamhari, na Keyman, programu ya kutengenezea na kutumia kibodi, inazo kadhaa. Lakini mimi ni wale watu wa kufungua redio waone ndani kuna nini. Halafu hati yenyewe, fideli, ilinivuta kwa sababu imekaa kama ba be bi bo bu ya darasa la kwanza. Kila konsonanti ina umbo lake, na umbo hilo hubadilika kidogo kwa kufuata irabu: mguu unarefuka, kamkono kanachomoza ubavuni. Konsonanti za msingi 33, kila moja maumbo saba, jumla 231, bila kuhesabu za ziada kama ቋ na ጓ. Kibodi ya vitufe 231 haiwekeki mezani, kwa hiyo watu wengi huchapa kwa sauti: bonyeza s, kisha a, programu inakuandikia ሳ.

Jumapili

Hesabu yake ni tamu. Hati hii iliingia Unicode, orodha inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, mwaka 1999, toleo la 3.0, na waliopanga viti walifanya kazi ya adabu: karibu kila konsonanti imepewa viti vinane mfululizo. ሰ amekaa 1230 (kwa tarakimu za msingi wa 16), ሱ 1231, ሲ 1232, ሳ 1233, ሴ 1234, ስ 1235, ሶ 1236, na cha nane kimekaliwa na ሷ. Ukijua kiti cha kwanza, wengine unawapata kwa kujumlisha.

Nikaandika kanuni zangu kwenye Keyman. S peke yake inatoa ስ, ile isiyo na irabu. Ukiongeza e, programu inarudi nyuma, inafuta ስ na kuweka ሰ. Nikajaribu s-e-l-a-m. Ikatokea ሰላም! Vitufe vitano, herufi tatu. Nilisimama nikazunguka chumba.

Kisha tangazo: d-u-b-e, nafasi, y-e-l-e-m. Nikalitoa kwenye printa, nikalibandika dukani. Emama akavaa miwani, akasoma, akanitazama. "Mwanangu, umeandika nini hapa?"

Nilikuwa nimeandika ዱበ.

Wiki ya pili

Kwenye sikio langu la Kiswahili በ na ቤ zote ni "be". Kumbe ቤ ndiyo e yetu, na በ ni sauti fupi iliyolegea, katikati ya e na a. Fideli ina safu saba za irabu. Kibodi ina irabu tano, na kichwa changu nacho kina tano. Mbili zimebaki bila makao. Safu ya sita niliipa konsonanti tupu, lakini ya kwanza (በ) na ya tano (ቤ) zikabaki zinagombania kitufe cha e.

Nilitaka kuipa ya tano, kwa kuwa ndiyo ninayoijua. Nikachukua ukurasa mmoja wa gazeti na kalamu nyekundu nikaanza kuhesabu. Safu ya kwanza imejaa kila mstari, ya tano unaitafuta. Basi e ndogo ikawa ya safu ya kwanza, E kubwa ikawa ya tano: d-u-b-E. Baadaye nikagundua kwamba SERA, mfumo wa miaka ya 1990 wa kuandika fideli kwa herufi za Kilatini, ulikwisha amua vivyo hivyo. Ningeanza kwa kusoma ningeokoa wiki.

Makosa mengine yaliyotoka sikioni yakafuatana. Neno la serikali ni መንግሥት. Kiswahili hakipendi konsonanti kurundikana, kwa hiyo mimi nasikia "mengisti", nachapa mengisti, napata መንጊስቲ, neno ambalo halipo. Sahihi ni kuacha irabu kabisa baada ya g, s na t. Na Kiamhari hukaza konsonanti kwa kuirefusha, ila mkazo huo hauandikwi: "alisema" na "yupo" yote huandikwa አለ, ingawa la pili hutamkwa kwa l nzito. Mimi kwa uaminifu nikachapa l mbili, nikapata አልለ.

Kasheshe la s mbili

Kuna herufi zenye sauti ileile. ሰ na ሠ zote ni s, ጸ na ፀ vilevile sawa, na h zipo tatu: ሀ, ሐ, ኀ. Tahajia ndiyo inayoamua. Kwa ሠ nilijiona mjanja: bonyeza s mara mbili. Ilifanya kazi siku tatu, mpaka nilipotaka kuandika ስስ, "nyembamba", neno la kawaida kabisa lenye s mbili zinazofuatana. Kila nikichapa napata ሥ. Nikaondoa ujanja wangu, nikaweka alama ya ` kabla ya s. Hiyo nayo, bila shaka, imo ndani ya SERA.

Wiki ya tano: simu

Emama aliniambia nije saa mbili asubuhi na nikafika bila kukokotoa, maana Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo. Nikamwekea kibodi yangu kwenye simu yake. Akaishika, akaitazama, akanirudishia. Yeye hafikirii "s jumlisha u". Ametoka utotoni akiimba safu nzima, ha hu hi, na kwake ሱ ni herufi moja, si mbili.

Nikavunja nikaanza upya. Sasa unagusa ሰ na ndugu zake saba wanajipanga juu ya vitufe. Emama anawaita kwa majina yao ya Ge'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, na hapo ndipo nilipokaa chini kumsikiliza: ya nne ni rabe, ya tano hams, ya sita sads, ya saba sabe. Robo, Alhamisi, sudusi, saba! Maneno yetu yalikuja na Kiarabu, ndugu yake Ge'ez, na sasa nakariri fideli bila shida.

Jambo moja lilimkera: ujumbe wake kwa mwenye kumletea unga wa teff (nafaka ya hapa) unakatwa vipande. SMS moja ya herufi za Kilatini hubeba herufi 160. Ukitia hata herufi moja ya fideli, kikomo kinashuka hadi 70. Nilimwambia herufi yake moja ni silabi nzima, hivyo hasara si kubwa kama inavyoonekana. Hakuridhika.

Tumegombana pia kuhusu kitufe cha kufuta. Nataka ukifuta ላ ibaki ል, ili urekebishe irabu tu. Yeye anataka iondoke yote. "Nikisema ondoka, iondoke." Kwenye simu ameshinda, kwenye kompyuta nimebaki na yangu.

Kilichobaki

Herufi ሀ. Kanuni yangu inageuza "ha" kuwa ሃ, safu ya nne, wakati "nchi" watu huandika ሀገር, kwa ya kwanza, na kwa Kiamhari zote mbili hutamkwa sawa. Nitaiwekea kanuni ya peke yake. Kisha tarakimu, ፩ mpaka ፼, ambazo hazina sifuri. Emama hazihitaji, bei zake zote anaandika 1, 2, 3. Nitazitia hata hivyo.