Kaka anapovuka arobaini

Kaka yangu ana miaka 43 na ana sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayomfanya mtu akue na kujifunza taratibu. Alipozaliwa, wazee walimnong'oneza mama asimzoee sana. Haukuwa ukatili, ndivyo mambo yalivyokuwa. Hata Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wastani wa maisha ya watu kama yeye ulikuwa miaka 25 hivi, wengi wakiondoka kwa kasoro za moyo walizozaliwa nazo. Leo huko unakaribia 60. Ndiyo maana karibu kila nililowahi kusikia kuhusu hali hii lilihusu watoto: atatembea lini, atasema lini, shule gani itampokea. Kuhusu mwanaume mwenye mvi kidevuni anayeshinda gengeni na mama yake hapa Chang'ombe ya Dodoma, hakuna aliyetuambia neno.

Tangu upepo wa Juni uanze, Kaka amebadilika. Kazi yake gengeni ni kupanga mafungu. Nyanya kubwa juu, yenye kovu chini imegeuziwa ukuta (hilo alijifunza kwa mama, tusimlaumu). Akihesabu kwa mdomo hafiki ishirini, lakini fungu lake halipungui wala halizidi, anatazama tu. Nimesoma kwamba wengi wao wako hivyo: la kusikia huwaponyoka upesi, la kuona hukaa zaidi. Nyumbani tulilijua bila kusoma. Mtume dukani kwa maneno, sukari na kiberiti na chumvi, atarudi na chumvi. Mpe pakiti tupu ya kila kimoja, hakosei.

Sasa nyanya hazigusi. Anakaa kwenye kigoda, ukimhimiza ananuna. Jirani kasema, "Huyu mtoto mmemdekeza." Mtoto! Mtu ananyoa ndevu.

Nilichokipata katika kusoma kwangu kimenikosesha usingizi, lakini afadhali kujua. Mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa walitangaza kwamba watu hawa wana kromosomu (nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli) ya 21 tatu badala ya mbili. Kwenye kromosomu hiyohiyo kuna jeni la protini inayozalisha amiloidi, ule utando unaoganda kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaofifisha kumbukumbu na akili polepole. Mwenye jeni tatu huizalisha kwa wingi maisha yake yote, na akifika miaka 40 karibu kila mmoja wao anayo tayari kichwani. Kuwa nayo bado si kuugua. Dalili za ugonjwa wenyewe mara nyingi huonekana miaka ya hamsini, wengine mapema kuliko hapo, wengine baadaye sana. Na kwao mara nyingi haianzi na kusahau. Huanza na tabia: ukaidi usiokuwepo, kujitenga, kuacha kazi aliyoipenda, kuogopa ngazi. Yaani yaleyale ambayo mtaani yanaitwa kudeka.

Tulimpeleka kwenye zahanati moja. Mhudumu akamuuliza leo tarehe ngapi, na Rais ni nani. Kaka akacheka, akamsalimu kwa Kigogo, "mbukwenyi", kama anavyomsalimu kila mtu. Tarehe hajawahi kuijua. Jumapili anaijua kwa sababu ya shati lake jeupe. Kwa maswali yale angeandikiwa kwamba amepoteza kila kitu, wakati hakuwahi kuwa nacho. Na kwa ile salamu mwingine angeapa kwamba hana tatizo. Kipimo chake ni yeye mwenyewe wa mwaka jana, basi. Wataalamu hushauri familia ziandike uwezo wa mtu wao angali mzima, afikapo miaka 35 hivi. Kaka ameshaupita umri huo, tunaanzia alipo. Nina daftari: anafunga vifungo vyote mwenyewe, anachemsha chai, anajua bajaji ya Majengo inapandiwa upande gani wa barabara. Chai nimemrekodi kwa simu, hatua kwa hatua, hadi anapolamba kijiko.

Daktari tuliyemwona baadaye, mama mmoja mtulivu, alilifurahia daftari kuliko nilivyotegemea. Akasema tusiufikie ubongo kabla hatujamaliza yanayotibika, kwani watu wenye hali hii wanayo mengi: tezi ya shingo inayozembea, nta masikioni, mtoto wa jicho, kukatika pumzi usingizini. Halafu akauliza kama kuna aliyefariki. Baba, mwaka jana. Wakati wa msiba watu walimchukua Kaka wakamkalisha nyumba ya tatu "asisumbuke", na tangu hapo anaweka sahani ya baba mezani. Daktari aliandika hilo pia. Sonona, ile huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa, kwa mtu asiyeweza kuieleza hufanana sana na Alzheimer.

Damu imeonyesha tezi iko chini. Anakunywa vidonge, na sasa asubuhi anaamka bila kuburuzwa. Nyanya bado. Mama ameshahitimisha kuwa ilikuwa tezi na habari imeisha. Mimi sijafika huko. Wiki ijayo ni macho, hospitali ya Mvumi. Tumeambiwa pia tuwe macho na kifafa, kwa sababu kikianza ukubwani kwa mtu kama yeye, daktari anapaswa kujua mara moja.

Mjomba anataka tumhamishie Dar, kwenye hospitali kubwa na nyumba yenye vigae. Nimemjibu kwa heshima kwamba hapana. Kama ugonjwa huo ndio unakuja, hauna dawa ya kuuponya, na kinachomshika mtu ni kile alichokizoea: mlango uleule, kikombe kilekile, mlenda wa mama. Hapa, hata akipotea njia, mtaa mzima unajua anakoishi. Mjomba amesema atafikiria, lakini nauli ya kwenda Mvumi ametuma.