Mzee alisema "piteni"

Nyumba yetu Malindi, upande wa Muyeye, iko nyuma ya kiwanja cha jirani. Ukishuka kwenye tuktuk barabarani, unapita ndani ya kiwanja chake kama mita thelathini, unaukuta mnazi mmoja uliopinda, ndipo unaliona geti letu. Baba aliponunua mwaka 1996 alimwendea jirani kumuuliza habari ya njia. Mzee yule, Mungu amrehemu, alimjibu kwa neno moja: "Piteni." Tukapita. Tulipita kwenda shule na kwenda chuoni, tukapita na mchanga na mawe ya kujengea, na mwaka 2009 jeneza la baba likapita hapo hapo, mzee mwenyewe akiwa miongoni mwa waliolibeba.

Mwishoni mwa 2023, zile mvua za El Nino ziliponyesha pwani mfululizo, mama alinipigia simu nikiwa natoka zamu ya usiku. Karo la maji machafu lilikuwa limejaa. Alikuwa ameita gari la kunyonya, likafika, likarudi. Kwenye mdomo wa njia palikuwa na nguzo mbili mpya za chuma, zege likiwa bado bichi, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya bodaboda. Dereva akavuta mpira kutoka barabarani mpaka ukaisha, haukufika hata kwenye mnazi. "Mwanangu," mama aliniambia, "nimeziba mdomo wa karo kwa bati na mawe. Sijui leo nitaoga wapi." Ana miaka sabini na nne. Nilikaa kwenye kituo cha basi nikalia.

Yule mzee alifariki 2015. Wanawe wakauza kiwanja, na aliyenunua ni kijana wa Mombasa mwenye hati safi kabisa. Hati yake haitaji njia. Alipokitazama kiwanja aliona watu wanapita, akadhani wanakata tu kufupisha safari. Nasema haya kwa sababu ndugu zangu walitaka aitwe mnyang'anyi, na mimi siku ile ya kwanza nilimwita hivyo pia. Hakuwa. Alinunua alichoonyeshwa kwenye ramani.

Hapa Leicester, Uingereza, ninakoishi, nilikuwa nimeshafundishwa somo hili la kuiandika njia, na sikulichukua nikalipeleka nyumbani. Tulinunua nyumba yetu 2017, mojawapo ya zile za miaka ya 1930. Kati yetu na jirani kuna njia moja ya gari inayokwenda nyuma kwenye gereji mbili ndogo. Jirani ni bibi wa Kihindi aliyefika mji huu 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi Uganda, na Kiswahili cha Kampala bado anacho. Baridi ya mwaka wa kwanza ilipasua lami: maji yanaingia kwenye ufa, yanaganda, yanavimba, na asubuhi moja unakuta shimo. Nikamwambia mume wangu tulifukie, ni kazi ya nusu siku. Bibi akatoka na bahasha. "Ngoja, mama," akasema, "soma kwanza."

Mle ndani mlikuwa na nakala ya rejesta ya ardhi. Mpaka unapita katikati ya njia. Kila nyumba ina haki ya kupita juu ya nusu ya mwenzake, kwa miguu na kwa gari, saa zote, na kila mmoja analipa nusu ya matengenezo. Sentensi tatu, zimeandikwa kabla mama yangu hajazaliwa, na zinatupatanisha watu ambao walioziandika hawakuwahi hata kutuota. Tukalipa nusu kwa nusu. Mwaka uliofuata nikaegesha gari pale kwa siku mbili, akanigongea mlango kwa upole: haki ya kupita si haki ya kuegesha. Alikuwa na haki, nikaliondoa.

Alinieleza pia kwa nini ile sentensi ya mwisho ina thamani. Kwa sheria ya Uingereza, kama hakuna mapatano, mwenye ardhi halazimiki kukutengenezea njia unayoipita juu ya ardhi yake. Wewe mwenye haki ya kupita unaweza kuingia ukaitengeneza kwa fedha yako, na yeye anachokatazwa ni kukuzuia. Ahadi ya kuchangia nayo haimfuati mnunuzi mpya kirahisi. Ndiyo maana mawakili wa huku bado wanaitaja kesi ya Halsall na Brizell ya 1957, ya nyumba za Liverpool, iliyokubali kwamba anayetaka kutumia barabara na mifereji ya pamoja hawezi kukataa mchango wake. Kupita ni jambo moja, kutengeneza ni jingine, na la pili ndilo linalosahauliwa.

Basi baada ya simu ya mama nikatafuta wakili Malindi. Nilimweleza kwa kujiamini: tumepita miaka ishirini na saba, mchana kweupe. Nilikuwa nimesoma kwamba sheria ya Kenya ya ukomo wa mashauri inampa haki ya njia mtu aliyepita miaka 20 kwa amani, kwa uwazi na bila kukatizwa. Wakili alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja. "Mlipita kwa haki au kwa ruhusa?"

Nikamwambia mzee alisema piteni.

Akanyamaza kidogo. Akaniambia hilo ndilo tatizo. Ile miaka 20 inahesabiwa kwa anayepita kama mwenye haki. Anayepita kwa ihsani ya mwenye ardhi anabaki mgeni, hata akipita miaka hamsini. Na hata tungeanza kuhesabu tangu mzee afariki, hatukuwa tumefika nusu. Neno lile lile lililotufungulia njia ndilo lililotunyima haki yake. Liliniuma, kwa sababu mzee alitutendea wema mtupu, na wema huo ungeweza kuwa wa kudumu kama yeye na baba wangekwenda siku moja kwa sarveya, mpima ardhi, wakauchora. Walikuwa wakinywa kahawa pamoja kila jioni. Nani angethubutu kumwambia mwenzake tuandikiane?

Njia nyingine ilikuwepo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamruhusu mwenye kiwanja kisicho na njia kuiomba Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo inakaa hapo hapo Malindi, imwamuru jirani ampe pa kupita, na huenda ukatakiwa kumlipa fidia. Wakili alishauri hilo tuliweke akiba. Kesi ina muda wake, na karo la mama halikuwa na muda.

Nikaomba likizo ya wiki tatu, Januari 2024 nikaenda. Tulikaa chini ya mnazi: mama, kaka yangu, yule kijana, mzee wa mtaa na sarveya. Mama alianza kwa kumpa kijana kahawa na kumuuliza habari za watoto wake, na suala la nguzo hakuligusa kwa karibu nusu saa. Mimi niliyezoea mambo ya huku nilikuwa nachomeka. Lakini alipofika kwenye suala, kijana alikuwa anamwita "mama".

Mzee wa mtaa akaleta hadithi ya Mtume, ile isemayo mkikhitilafiana juu ya njia, ifanyeni dhiraa saba. Sarveya akapiga hesabu: ni mita tatu na kidogo. Nami nikakumbuka Lamu kwa bibi yangu, mtaa wa Mkomani, ambako mzigo wote unakwenda kwa punda na njia inapimwa kwa punda aliyebeba mawe. Bibi alikuwa akitwambia kichochoro kinachotokea upande wa pili ni cha watu wote, ila kisichotokea ni cha waliofungua milango humo, na hakuna wa kutoa hata baraza pasipo wenziwe kuridhia. Nilidhani ni mila ya mtaa. Baadaye nikajua ndivyo wanavyosema wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu watu wa pwani. Kumbe lugha ya jambo hili tulikuwa nayo kitambo.

Dhiraa saba zilitosha kwa sehemu iliyonyooka. Penye mnazi lori haligeuki. Sarveya alifunga kamba kwenye shina, kaka akaishika ncha ya pili, wakatembea nayo huku na huku juani, wakachoma vijiti ardhini, na kijana mwenyewe akainama akasogeza kijiti kimoja hatua nzima ndani ya kiwanja chake. Hakuna aliyemwomba. Tukaafikiana mita nne, mnazi ubaki.

Kilichoandikwa ni kile sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 inachotaka: ni haki ya namna gani na kwa masharti gani, ni ya muda gani, kiwanja kipi kinabeba mzigo na sehemu ipi hasa, kiwanja kipi kinafaidika. Ramani ya sarveya ikaambatishwa, na fomu zikapelekwa ofisi ya ardhi zisajiliwe kwenye hati zote mbili, maana karatasi inayobaki kabatini kwa mama haimfungi atakayenunua kesho.

Wakili alidhani tumemaliza. Nikasema bado, nani atatengeneza? Kijana akasema kwa ukweli kwamba yeye anatumia mita kumi na mbili za mwanzo tu, mpaka kwenye banda lake la gari, kwa hiyo hawezi kulipia thelathini. Ni sawa. Tukaandika kwamba sehemu hizo kumi na mbili ni nusu kwa nusu, zilizobaki ni zetu peke yetu. Atakayeleta lori zito la ujenzi likachimba njia atairudisha ilivyokuwa kwa gharama yake. Mtu haegeshi njiani, wala harundiki mchanga zaidi ya siku mbili. Geti linaweza kuwekwa, mradi ufunguo uwepo kwa pande zote na lifunguke mita nne kamili. Nguzo zikang'olewa kesho yake, na gari la kunyonya likaingia jioni. Mama alisimama barazani akaliangalia mpaka likamaliza.

Masika ya mwaka huo yalichimba njia karibu na barabara. Kijana alinitumia picha ya shimo na bei ya tipa moja ya vumbi la mawe. Nikatuma nusu siku hiyo hiyo. Bibi wa hapa jirani nilipomwonyesha picha aliuliza kama maji yana pa kwenda, la sivyo vumbi litaondoka tena mvua zijazo. Sikuwa nimelifikiria. Sasa kuna mfereji mdogo upande wa kaskazini, nao tumeuongeza kwenye mapatano, na tumeulipia nusu kwa nusu.

Jambo lililobaki ni la kaka. Anataka kujenga nyuma ya nyumba ya mama, na kiwanja kitagawanywa viwili. Haki ya njia tuliyoandika ilipewa nyumba moja, na nyumba ya pili ni magari zaidi juu ya ardhi ya mtu. Nimemwomba asichimbe msingi kwanza. Ijumaa, baada ya swala, watakaa na kijana tena chini ya mnazi, na sarveya ameshaambiwa aje na kamba yake.